Gari Lililorudi Yadi

Vitabu vingi vya risiti vinavyouzwa Kariakoo huja vimeshachapwa mstari mmoja chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi haangalii hapo, muuzaji naye hana habari napo, lakini siku ya ugomvi kila mmoja huukumbuka. Mimi nimesimama pande zote mbili za mstari huo. Nauza sare za shule, na kila Januari wazazi huniletea mashati yaliyobana na sketi zilizopwaya. Na miaka michache iliyopita nilirudisha gari yadi. Gari lilipokelewa, fedha zikarudi, isipokuwa kiasi kidogo ambacho mwenyewe niliona si haki yangu kukidai.

Tangu hapo huulizwa nilimtumia nani: askari, mkubwa wa serikalini, au mganga. Wanaouliza zaidi ni wanawake wenzangu wenye biashara ndogo, ambao wameshazoea kuambiwa na vijana wa yadi kwamba gari ni chuma na chuma hakina ahadi. Sikumtumia yeyote kati ya hao. Gari hurudi au halirudi kutokana na mambo yaliyofanyika kabla ya sauti kupanda. Mengine hufanyika siku ya kununua, na yaliyo mazito zaidi hufanyika katika saa zile za mwanzo baada ya kuugundua ubovu.

Nilihitaji gari la kubebea majora ya vitambaa kutoka mjini hadi kwa mafundi wangu wa cherehani, na kusambaza sare shule zinapofunguliwa. Kuagiza Japani nilikupigia hesabu: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na juu yake tozo ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Ongeza kusubiri meli, ongeza wakala wa bandarini. Nikaona bora yadi, nilione gari kwa macho na niliguse.

Dar es Salaam bei ya gari husomwa kwanza kwenye kibao cha namba. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu hueleza gari lilisajiliwa nchini zama zipi: A na B ni wazee, C wa makamo, D vijana, na sasa E zimeingia barabarani. Muuzaji hutamka "namba D" kabla hajaitaja injini. Lakini herufi hiyo haisemi gari lilitengenezwa lini, wala lilitembea kiasi gani huko Japani kabla ya kupanda meli, wala lilitunzwaje hapa. Aliyeitunza namba B yake, akamwaga oili kwa wakati, huambiwa auze kwa bei ya kutupa. Aliyeichakaza namba D yake huuza kwa kujidai.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliueleza mwenendo wa masoko ya namna hii mwaka 1970, katika makala iliyochangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 2001. Muuzaji peke yake akiwa ndiye anayeujua ubovu, mnunuzi hutoa bei ya mtu mwenye wasiwasi, na mwenye gari zuri akiiona bei hiyo huliondoa gari lake sokoni. Hofu hiyo sisi tumeipa herufi. Kwa kuwa hakuna anayeamini kilometa za kwenye dashibodi, tunaamini kibao, ambacho angalau mamlaka ya mapato ndiyo iliyokitoa.

Gari nililolipenda lilikuwa dogo, la Kijapani, namba D, na dashibodi ilionyesha kilometa 88,000 na ushee. Bei tuliyoafikiana ilikuwa shilingi milioni 12 na nusu. Nilikwenda na fundi wangu. Akakagua chini, akapima oili, akaliendesha kuzunguka mitaa ya jirani, akasema halina tatizo la kuonekana. Kijana wa yadi akaongeza ya kwake: injini haijawahi kuguswa, kilometa ni zake halisi, mwenyewe alikuwa analitumia kwenda kanisani tu.

"Basi tuandike," nikasema.

Akacheka. "Dada, wewe mwanasheria?"

Mimi si mwanasheria. Nina mjomba Tanga aliyeuza vitambaa tangu ujana wake hadi miguu ilipokataa, na mtaji wangu wa kwanza ulitoka mkononi mwake pamoja na maneno: mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba alinizoesha kuyaandika maneno ya muuzaji yakiwa bado mdomoni, kabla hayajapoa. Kwa hiyo mbele ya wakili aliyetushuhudia, chini ya mkataba wa mauziano, tuliongeza sentensi mbili kwa mkono: kwamba injini haijafunguliwa, na kwamba kilometa zinazosomeka ni sahihi kwa kadiri muuzaji anavyojua. Habari za kanisani niliziacha. Meneja wa yadi alisaini kwa niaba ya yadi, nikapewa risiti ya EFD yenye jina la yadi. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine, nikaambiwa kubadili umiliki kutafuata baada ya siku chache.

Siku za mwanzo nililiona jambo dogo tu. Gari lile halikuwa na mshale wa joto. Lilikuwa na taa mbili: ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto, na nyekundu ya kuonya joto likizidi. Asubuhi taa ya buluu ilikawia mno kuzimika, na nikishika barabara iliyo wazi ilikuwa inarudi. Halafu feni. Ukiwasha gari tu, kabla hata halijasogea, feni ilikuwa inavuma kwa nguvu zake zote. Kisha jioni moja, katika foleni ya kupandisha Kimara, nimejaza majora mpaka kioo cha nyuma, ikawaka ile nyekundu.

Nikaegesha pembeni, nikazima, nikampigia fundi. Nilichofanya tangu dakika ile ndicho kilichonirudishia fedha zangu, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu.

Fundi alipofika alitaka kufungua. Fundi yeyote mzuri akiona ugonjwa mkono humuwasha. Nikamwomba apime tu, bila kulegeza hata nati moja. Gari likasubiri lipoe, kisha akafungua kifuniko cha rejeta, akaliwasha, tukaona mapovu yakipanda bila kukoma. Akaleta kile kipimo chenye maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya mlipuko wa injini ikipenya kwenye maji, ile buluu hugeuka njano. Iligeuka. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha. Akafuata nyaya za feni kwa tochi, akaonyesha zilivyounganishwa moja kwa moja na swichi ili feni isipumzike kabisa. Kuhusu thamostati alisema hahitaji kuifungua ili ajue: taa ya buluu inayorudi barabarani inasema imetolewa.

Yaani gari lilishachemsha, likafunguliwa, na mtu akalipanga lisionekane. Feni ya kudumu na thamostati iliyotolewa huweza kuficha ugonjwa huo katika mzunguko mfupi wa mtaani. Tena siku ile ya ukaguzi tulilikuta limeshawashwa tangu asubuhi, boneti ya moto, hivyo kuzunguka kwa feni kulionekana jambo la kawaida na taa ya buluu ilikuwa imeshazimika. Tangu hapo nawaambia watu: gari la kununua likutwe baridi. Piga simu kwamba unakuja mchana, kisha fika asubuhi.

Wakati fundi anafunga vifaa vyake nilimulika ukingo wa mlango wa dereva, nikaona kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani, kilichofifia. Magereji ya Japani hubandika hapo kumbukumbu ya kubadilisha oili. Herufi sikuzijua, lakini tarakimu ni zilezile dunia nzima: 27.6, na chini yake 121,400. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 27 ni 2015. Juni 2015, kabla halijaikanyaga bandari ya Dar es Salaam, gari langu la kilometa 88,000 lilikuwa limeshatembea kilometa 121,400. Nikakipiga picha hapohapo, na mlango ukiwa wazi ili namba ya fremu ionekane kwenye picha hiyohiyo.

Usiku ule nilimpigia mjomba. Nilitaka kumuuliza nianze na nani, polisi au wakili. Yeye akaniuliza kitu kingine.

"Gari liko wapi?"

"Nje, mjomba. Kesho nitalitumia kupeleka mzigo mmoja tu wa karibu, halafu nalipeleka kwao."

"Usilipande tena, mwanangu. Ukilipanda ni lako."

Mjomba alisoma chuoni vitabu vya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, na katika biashara zake alikuwa akivitumia kuliko sheria yoyote ya serikali. Akanieleza suala lililomo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Mtu amenunua mnyama wa kupanda, kisha akagundua aibu. Ana haki ya kumrudisha, lakini kwa masharti mawili. Asikawie, na asimtumie. Hata akiliacha tu tandiko mgongoni mwa mnyama baada ya kuijua aibu, haki yake imeanguka, kwa sababu tandiko ni matumizi. Kuna udhuru wa kumpanda akiwa anamrudisha, ikiwa ni mnyama mkaidi asiyekubali kuswagwa wala kuvutwa. Nilicheka, maana gari langu nalo lilikuwa halikubali. Mjomba hakucheka. Akasema tafuta lori la kubeba magari mabovu, gharama utaisahau.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa wakili yule aliyeshuhudia mkataba, na nilishangaa jinsi maneno yake yalivyofanana na ya mjomba. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, imetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa mujibu wake, mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo haja yake, akautegemea ujuzi wake, anastahili kupata kitu kinachoifaa haja hiyo. Kama alikikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha. Iliyofichwa ni habari nyingine. Na anahesabiwa amekipokea kitu moja kwa moja akisema amekipokea, au akikitendea jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelitenda, au akikaa nacho muda wa kuridhisha bila kusema kwamba anakikataa. Sheria haikutaja siku. Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 2015, wamempa mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kukikataa kitu kibovu, magari yaliyotumika yakiwemo. Sisi tumebaki na muda wa kuridhisha, na kila siku unayoendelea kulitumia gari ni siku ya muuzaji.

Wakili aliongeza mambo mawili. La kwanza, ule mstari wa "hairudishwi" unaweza kuwa na uzito pale watu wawili walipoelewana kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo. Lakini kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa ana hiari ya kuuvunja. Sentensi zetu mbili za kalamu ndizo zilizoonyesha nilichoambiwa. La pili, alifurahi kwamba umiliki ulikuwa haujabadilishwa. Kadi ingekuwa imeshaandikwa jina langu, kurudisha kungehitaji kubadili umiliki upya, na ada zake na ushuru wa stempu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kama yadi ingegoma, mlango wa kwanza kuugonga ungekuwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mahakama ni baada ya hapo. Akaniandikia barua ya ukurasa mmoja: naikataa bidhaa, sababu ni hizi, gari lipo na halitumiki, naomba fedha zangu. Neno "nashtaki" halikuwemo.

Mimi nayaelewa haya kwa dukani kwangu. Mzazi akirudisha shati lililojaribiwa mbele ya kioo, nalikunja narudisha kwenye rafu. Akilirudisha limefuliwa na kupigwa pasi, hata kama ni kweli lilikuwa na mshono mbovu, tunaanza kubishana kama mshono uliachia kwangu au kwenye beseni lake. Kilichoharibika hapo ni ushahidi, na shati bila ushahidi halina mwenyewe. Wengi wanaoshindwa kurudisha magari hawashindwi kwa sababu hawana haki. Hushindwa kwa sababu waligundua ubovu, wakaendelea kwenda nalo kazini wiki kadhaa, fundi wa mtaani akafungua, akabadilisha hiki na kile, na walipofika yadi tayari kulikuwa na mikono miwili ndani ya injini. Muuzaji huuliza swali moja tu: nitajuaje si fundi wako? Nao hawana jibu.

Kwa hiyo nilitafuta gereji ya pili isiyojuana na fundi wangu. Nayo ikapima bila kufungua, ikaandika matokeo kwenye karatasi yenye muhuri. Nikaangalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya barabarani, nikakuta nimepigwa tochi barabara ya Bagamoyo, shilingi 30,000. Deni lilikuwa la siku zangu, nikalilipa. Nikaitaarifu kampuni ya bima. Kisha gari likapandishwa juu ya lori, likaenda lilikotoka.

Mwenye yadi alikuwa mtu mzima, mvi zimemjaa, ambaye siku ya kununua sikumwona. Nilimkuta kwenye benchi chini ya mwembe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Gari inasemaje?"

"Imekuja yenyewe kusema, Mzee. Iko juu ya lori hapo nje."

Yule kijana wa kwanza akadakia. "Dada, gari ya mtumba haina garantii. Hata Japani kwenyewe hawakupi."

"Garantii sijaomba, mdogo wangu. Nimekuja na maneno yako."

Nikamkabidhi mzee mkataba, picha ya kibandiko, karatasi ya gereji. Akavaa miwani, akasoma taratibu. Akasema lile nililolitarajia: gari si la yadi, ni la mteja aliyeliacha pale liuzwe, yeye hupata kamisheni tu, niende kwa mwenye kadi. Wakili alikuwa ameshanitayarisha. Wakala asiyemtaja anayemwakilisha huhesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mkataba, na jina lililokuwa kwenye risiti na kwenye mkataba ni la yadi. Lakini sikulisema kwa lugha hiyo. Nilimwuliza tu: "Mzee, fedha zangu nilimpa nani mkononi?" Akanyamaza. Kisha akanipa la pili: watalitengeneza wao, gasketi mpya, hedi isawazishwe, thamostati irudishwe, bila mimi kutoa senti.

Pendekezo hilo lina utamu wake, na najua watu waliolikubali. Sikulikubali, kwa sababu gasketi mpya ingetibu joto, isingetibu kilometa 121,400. Na gari likishafunguliwa kwa ridhaa yangu, basi nimechagua kukaa nalo, na ugonjwa wa mwezi ujao ni wangu. La tatu lilikuwa nichague gari lingine pale pale yadi. Nililifikiria kwa uzito zaidi, lakini kila gari nililolionyesha lilikuwa limepanda bei tangu nilipolijua.

Hapo ndipo nilipolitoa lile la mjomba la mwisho, alilonieleza usiku ule kabla ya kukata simu. Zamani wauza mifugo walikuwa wakiacha kumkamua mbuzi au ngamia kwa siku kadhaa, chuchu zijae, mnunuzi adhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume alikataza, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim: aliyenunua mnyama wa namna hiyo, akishamkamua na kuujua ukweli, ana hiari ya kumweka au kumrudisha, na akimrudisha ampelekee mwenyewe pamoja na pishi moja ya tende. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wana maoni mengine kuhusu kurudisha huko; sisi wa pwani tumeikuta kwa Shafi. Aliyedanganywa ni mnunuzi, na bado yeye ndiye anayebeba tende, kwa sababu maziwa aliyoyakamua aliyanywa.

"Mzee," nikasema, "gari lako nimelitumia. Limenibebea mizigo, matairi yamesugua lami. Nitalipia. Sema kiasi cha haki, kikate kwenye fedha zangu."

Sidhani aliwahi kuambiwa hivyo na mtu aliyemletea gari juu ya lori. Kijana akataka kusema kitu, mzee akamzuia kwa mkono. Kuanzia hapo tulizungumza kama watu wawili wanaofanya hesabu. Akataja laki tano, nikataja laki tatu, tukakutana kwenye laki nne. Nadhani sababu si ukubwa wa fedha. Mfanyabiashara anayepokea mali iliyorudi mbele ya vijana wake anaogopa kuonekana ameshindwa, na kuanzia kesho kila mteja atakuja na lori. Ile laki nne ilimpa cha kusema: hakushindwa, alikodisha.

Fedha hazikuwepo zote siku hiyo, jambo la kawaida kwa yadi. Tukarudi kwa wakili, akaandika hati ya kuuvunja mkataba: sehemu kubwa iingie benki siku hiyo, inayobaki kwa tarehe iliyotajwa. Gari likabaki yadi na ufunguo mmoja; kadi halisi na ufunguo wa pili vikabaki kwa wakili hadi shilingi ya mwisho iingie. Ukitaka somo moja la vitendo katika kumbukumbu hii yote, chukua hili. Usirudishe gari, kadi na funguo zote kwa ahadi. Utakuwa umerudisha mali na kubaki na maneno, na maneno ndiyo yaliyokuleta pale.

Siku ya malipo ya mwisho mzee alinieleza upande wake. Aliyeliacha gari kwake alimwambia maneno yale yale niliyoambiwa mimi, naye alimwamini. Alimrudia mtu huyo, akaambiwa kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo. Sijui kama ni kweli, na halikunihusu tena. Lakini nililiona jambo ambalo kwenye duka langu la sare nilikuwa sijaliona. Ubovu uliofichwa husafiri kutoka mkono hadi mkono, na kila mwenye kuupokea ana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa njia rahisi ya kuokoa fedha zake ni kumtafuta anayefuata. Nami ningeweza. Namba D, rangi inang'aa, injini ukiiwasha mapema kabla mteja hajafika haina neno. Watu wawili niliowaeleza msiba wangu walinishauri hivyo, tena kwa upendo. Kurudisha gari nyuma kwa aliyekuuzia ni shughuli nzito kuliko kulisukuma mbele, ndiyo maana magari mengi yetu yanasonga mbele tu, huku kilometa zikirudi nyuma.

Nilipoanza kutafuta lingine nilikuwa na swali la kuuliza kabla ya kufungua boneti: likirudi, linarudi kwa nani, na ndani ya siku ngapi? Hilo hunipa habari nyingi kuliko kuliendesha. Wapo waliocheka. Wapo waliokasirika, wakasema nawaletea nuksi asubuhi. Kijana mmoja aliniuliza nimekuja kununua au kurudisha. Na yupo aliyefikiri kidogo, akasema siku saba, injini na giaboksi tu, mambo ya umeme asiingizwe, kisha akaomba kalamu. Gari ninalobebea sare leo nililinunua kwake.